Mirambo: Mtemi wa Urambo aliyepiga kabla ya kuonekana

Na Mwandishi Wetu, Tabora

WAKATI mataifa makubwa duniani yakishindana kuunda ndege za kivita zisizonaswa kwa urahisi na rada, wakazi wa Tabora wanayo historia ya mtu aliyeitafuta siri hiyo hiyo zaidi ya miaka 100 kabla ya ndege hizo kuruka. Hakuwa na injini wala chuma. Alikuwa na miguu ya vijana wake, nyasi ndefu za Unyamwezi na giza la kabla ya alfajiri.

Mtu huyo ni Mtemi Mirambo wa Urambo, ambaye kwa takriban miaka 14 alikuwa tishio kubwa kuliko yote katika njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji.

Ndege za kivita za kizazi kipya zimejengwa juu ya mambo matatu. La kwanza ni umbo. Pembe na mabawa yake yamechorwa ili mawimbi ya rada yakigonga yatupwe pembeni, yasirudi kwa aliyeyatuma. La pili ni mzigo. Makombora huwekwa tumboni mwa ndege, kwa kuwa bomu linaloning'inia chini ya bawa huonekana na rada na huifanya ndege kuwa nzito dhidi ya upepo.

La tatu ni wepesi wa kugeuka. Ndege ya F-22 ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina midomo ya injini inayoweza kupinda juu na chini, hivyo msukumo wenyewe husaidia kuigeuza ndege. China ina J-20 na Urusi ina Su-57. Machi 2025, Marekani ilitangaza kuwa itajenga nyingine mpya, F-47.

Maswali wanayojiuliza wahandisi wa ndege hizo si mapya. Utamfikiaje adui kabla hajakuona? Utabebaje silaha bila kulemewa? Utageukaje kabla hajajipanga? Mirambo aliyajibu kwa namna yake, na majibu hayo ndiyo yaliyompa ufalme. Namna ufalme huo ulivyokwisha ni sehemu ya historia isiyosimuliwa mara nyingi.

MTOTO WA KASANDA

Mirambo alizaliwa mnamo mwaka 1840, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, himaya ndogo iliyokuwa magharibi ya Tabora. Jina lake la awali lilikuwa Mtyela. Jina la Mirambo, lenye maana ya maiti nyingi, alilipata kutokana na vita, na ndilo lililomzika.

Unyamwezi wa siku hizo haukuwa dola moja. Ulikuwa mkusanyiko wa himaya nyingi, kila moja na mtemi wake, mipaka yake na ugomvi wake. Iliyotajirika zaidi kwa biashara ilikuwa Unyanyembe, kwa sababu ndani yake ndimo ulimokuwa mji wa Tabora.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo na kufika Tabora, ambako njia iligawanyika. Moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, katika Ziwa Tanganyika, na nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo, shanga, bunduki na baruti vilipanda bara. Pembe za ndovu na watumwa waliteremka pwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, watu waliosifika kwa kubeba mizigo mizito kwa miezi kadhaa.

Waarabu walikuwa wameweka makazi Tabora kabla wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, hawajafika hapo Novemba 1857. Mwanzoni walikuwa wageni waliolipa hongo kwa watemi. Baadaye wakaanza kuchagua nani awe mtemi. Mwaka 1860 walimwondoa Manwa Sera katika kiti cha Unyanyembe baada ya kugombana naye kuhusu ushuru, wakamweka Mkasiwa. Manwa Sera alikimbilia porini akapigana nao kwa miaka kadhaa, hadi alipouawa mwaka 1865.

Katika miaka hiyo hiyo Mirambo alirithi kiti cha baba yake huko Uyowa, akiwa kijana wa umri wa miaka 20 hivi. Yaliyompata Manwa Sera hayakuwa mbali na mlango wake. Mtemi aliyetegemea njia ya misafara bila kuwa na nguvu ya kuilinda aliweza kung'olewa na wafanyabiashara.

JESHI LISILO NA MZIGO

Nguvu hiyo Mirambo aliitafuta kwa majirani zake wa kaskazini, Watuta. Hawa walikuwa tawi la Wangoni, watu waliotoka kusini mwa Afrika, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 na kusambaa hadi Unyamwezi. Mirambo alikijua Kingoni, akaifahamu vema namna yao ya kupigana, akawafanya washirika.

Kutokana na mafunzo hayo na bunduki zilizopita njia ya misafara, aliunda jeshi lake la rugaruga. Hawa walikuwa vijana, wengi wao wasio na wake wala mashamba. Baadhi walikuwa mateka wa vita, baadhi watumwa waliotoroka, na wengine wapagazi waliochoka kubeba mali za wenzao. Walivaa vitambaa vyekundu, wakajipamba kwa mapambo ya kutisha, na silaha zao zilikuwa magobore, mikuki na pinde.

Mirambo mwenyewe alimweleza mgeni wake wa Kizungu kwamba vitani aliwapenda zaidi vijana kuliko watu wazima. Kwa maoni yake, kijana ana macho makali na viungo vyepesi, na hana mke wala watoto wa kumrudisha nyuma kimawazo wakati wa kushambulia.

Jeshi hilo halikutembea, lilikimbia. Lilisafiri usiku, likaanguka juu ya kijiji kabla hakujakucha, wakati milango ya boma inafunguliwa na watu wana usingizi machoni. Lilipozuiwa halikukaa kupoteza watu ukutani. Lilitoweka, na wenyeji walipodhani hatari imepita, lilirudi.

Mtemi alikimbia pamoja nao. Hakuwa mtawala wa kukaa nyuma akisubiri taarifa za mjumbe, bali aliongoza mwenyewe mbele ya vijana wake, akaona mwenyewe na kuamua papo hapo. Kwa wapiganaji wa angani hili ni somo kubwa. Rubani wa Marekani John Boyd, aliyefariki mwaka 1997, alijulikana kwa kufundisha kwamba mshindi wa mapambano ya ndege ni yule anayeona, kuamua na kutenda haraka kuliko mwenzake, hata kama ndege yake haina mbio kubwa zaidi.

AGOSTI 1871

Mwaka 1871 Mirambo aliisimamisha misafara ya Waarabu iliyokuwa ikielekea Ujiji. Msafara mmoja alioutoza ulilipa vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Baada ya kupokea hongo hiyo aliuamuru urudi ulikotoka. Alitangaza kuwa hakuna msafara utakaopita nchini mwake isipokuwa juu ya maiti yake.

Waarabu wa Tabora waliamua vita. Aliyejiunga nao alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani, Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Dk. David Livingstone na ambaye hakuwa tayari kuona njia yake imefungwa. Jeshi lao lilizidi watu 2,000 na lilikuwa na bunduki nyingi. Kwa hesabu ya siku hizo, halikuwa jeshi la kushindwa.

Stanley alipokuwa kambini akiugua homa, kikosi cha watu wapatao 500 kikiongozwa na kijana Soud bin Said kilikwenda kuishambulia Wilyankuru, moja ya ngome za Mirambo. Kiliingia bila taabu kubwa. Ndani kilikuta pembe za ndovu, nguo na watumwa, kikachukua kila kilichoweza kubebwa na kuanza safari ya kurudi.

Mirambo alikuwa ameondoka ndani ya boma na vijana wake. Walikuwa wamelala kwenye nyasi, pande zote mbili za njia.

Watu waliorudi hawakuwa tena askari. Walikuwa wapagazi wenye pembe mabegani, wamejipanga mstari mrefu katika njia nyembamba, bunduki zao zikiwa mbali na mikono. Mirambo aliwaacha wafike katikati, kisha akainuka. Soud bin Said aliuawa pamoja na wengi wa wenzake, na ngawira yote ikabaki njiani.

Habari zilipofika kambini, jeshi zima lilivunjika. Viongozi wake walikimbilia Mfuto, kisha Tabora, kila mmoja akiokoa roho yake. Stanley, akiwa bado na homa, alirudi Kwihara akiwa na hasira kwa washirika wake.

Waliobeba mzigo nje ya mwili wao walionekana, wakachelewa, wakafa. Hiyo ndiyo sababu ile ile inayowafanya wahandisi wa leo walifiche kombora tumboni mwa ndege.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akisaidiwa na Watuta. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji, alitoka kupambana naye na kikosi kidogo. Watumwa wake wenye silaha walimkimbia, naye akauawa. Takriban robo ya mji iliteketezwa kwa moto, na mifugo na pembe zikachukuliwa. Huko Kwihara, Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake akingoja zamu yake. Mirambo hakufika. Alikwisha kuondoka kama alivyokuja.

Mwezi mmoja baadaye Stanley aliikwepa nchi ya Mirambo kwa kuzunguka kusini, akafika Ujiji Novemba mwaka huo na kumkuta Livingstone. Safari hiyo mashuhuri ilipinda kwa sababu ya mtemi wa Kinyamwezi ambaye wasomaji wa London na New York hawakuwa wamewahi kumsikia.

MTU MPOLE WA SEROMBO

Vita viliendelea miaka kadhaa. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari, lakini hawakuweza kummaliza mtu ambaye hakuwa na desturi ya kusubiri mahali pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1870 pande zote zilikuwa zimechoka, na amani ya mashaka ikapatikana. Misafara ikapita tena, safari hii ikimlipa Mirambo.

Aprili 1876 Stanley alipita tena Unyamwezi na kukutana na adui wake wa zamani huko Serombo. Alitarajia jambazi mwenye damu mikononi. Alimkuta mtu mrefu, wa makamo, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi, aliyetoa zawadi kwa ukarimu. Wawili hao walichanjiana damu wakawa ndugu. Stanley, aliyekuwa ameishuhudia Tabora ikiungua, alimlinganisha katika maandishi yake na Napoleon.

Ni katika kipindi hiki ambapo Mirambo alijaribu kugeuka. Alikuwa ameunganisha himaya nyingi chini yake, na nguvu zake zilifika hadi Uvinza, kwenye njia ya kuelekea Ujiji. Wepesi ulimpa nchi hizo. Ili azitawale alihitaji kitu kingine: soko, njia salama na marafiki pwani.

Alijenga makao makuu mapya Urambo, umbali wa kilomita 90 hivi magharibi ya Tabora. Alituma pembe na wajumbe Zanzibar ili afanye biashara bila kupitia mikono ya Waarabu wa Tabora, na akatafuta urafiki wa balozi wa Uingereza, John Kirk. Mwaka 1879 alimkaribisha mmisionari Ebenezer Southon, daktari wa Shirika la Misioni la London, aliyeishi naye Urambo hadi alipofariki mwaka 1882. Mirambo alimpa ardhi na ulinzi, akapenda mazungumzo yake kuhusu ufundi na biashara kuliko mahubiri yake.

Haifai, hata hivyo, kumvisha joho la mkombozi asiye na doa. Rugaruga wake waliishi kwa ngawira. Vijiji vilivyogoma kumtii vilichomwa, na mateka wa vita waliuzwa au wakagawiwa kama mali. Wanyamwezi wengi waliopoteza ndugu na mashamba hawakuona tofauti kati ya moto wa Mwarabu na moto wa Mirambo.

KOSA LA MPIMBWE

Juni 1880 majeshi ya Mirambo yalishambulia kijiji kimoja huko Mpimbwe, kusini-magharibi ya Tabora, akiwa na mshirika wake mtemi Simba. Ndani ya kijiji hicho walikuwamo Wazungu wawili, Carter na Cadenhead. Carter, aliyekuwa katika utumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alikuwa mtu yule aliyeongoza jaribio la kutumia tembo wa Kihindi kubeba mizigo kutoka pwani. Wote wawili waliuawa katika mapigano.

Mirambo alijitetea kuwa hakukusudia kuwadhuru. Utetezi huo haukumsaidia. Balozi Kirk, ambaye urafiki wake ulikuwa umejengwa kwa miaka, alimpa kisogo, na mlango wa pwani ukafungwa.

Marubani wa ndege za kisasa huipa hatari hii uzito mkubwa. Ndege za majeshi hubeba vifaa vinavyotuma na kujibu ishara ili rafiki ajulikane kabla kombora halijafyatuliwa, kwa sababu kadiri shambulio linavyokuwa la haraka ndivyo muda wa kumtambua unayempiga unavyopungua. Rugaruga walifundishwa kufika kwa ghafla na kumaliza kwa haraka. Hawakufundishwa kuuliza ni nani aliyemo ndani. Shambulio la asubuhi moja lilimpokonya mtemi alichokuwa akikijenga tangu amani ya Tabora.

KIFO NA KILICHOFUATA

Katika miaka yake ya mwisho Mirambo alisumbuliwa na ugonjwa wa koo. Hata hivyo aliendelea kwenda vitani, akibebwa pale miguu iliposhindwa kumtii. Alifariki Desemba 2, 1884, akiwa na umri wa miaka 44 hivi.

Nduguye Mpandashalo alirithi kiti, lakini hakuweza kurithi hofu ambayo jina la Mirambo lilikuwa likiitia. Himaya zilizotii zilianza kujitenga moja baada ya nyingine. Rugaruga, waliozoea kulishwa na ushindi, walitawanyika kutafuta mabwana wengine. Katika miaka michache dola kubwa kuliko zote zilizopata kusimama Unyamwezi katika karne hiyo ikawa tena vipande.

Hapakuwa na hazina, sheria wala baraza la kuishikilia. Palikuwa na mtu mmoja aliyeona, kuamua na kutenda. Alipoondoka, wepesi ule ukabaki bila macho.

Marekani nayo ilijifunza kuwa kutoonekana kuna kikomo. Machi 27, 1999, ndege yake ya F-117, iliyoundwa maalumu kukwepa rada, ilidunguliwa nchini Serbia kwa kombora la mtindo wa zamani wa Kisovieti. Kikosi kilichoidungua kilikuwa kikihamahama, kikiwasha rada zake kwa muda mfupi tu kabla ya kujificha tena. Vijana wa Mirambo wangeielewa vita ile bila mkalimani.

Leo jina lake liko kila mahali katika mkoa huu. Kuna shule ya sekondari ya Milambo, na kuna kambi ya jeshi inayoitwa hivyo hivyo. Kaburi lake liko Urambo, wilaya inayojulikana zaidi kwa tumbaku. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tembe walimokaa Livingstone na Stanley limefanywa makumbusho, na wageni huonyeshwa vyumba vya watu wawili waliopita njia.

Anayesimama katika ua wa tembe hilo asisahau ni nani aliyekuwa ng'ambo ya ukuta Agosti ile ya mwaka 1871, na asisahau pia kilichofuata. Wajerumani walipoingia Tabora mwaka 1890, ilikuwa imepita miaka 6 tu tangu Mirambo azikwe. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga hadi Januari 1893, boma lake lilipozidiwa naye akajilipua kwa baruti asikamatwe akiwa hai. Alipigana akiwa ndani ya kuta, mahali ambapo kila mzinga wa Kijerumani uliweza kumwona. Kutoka Urambo, ambako miaka michache kabla vijana wangeweza kukimbia usiku kucha na kuwatokea Wajerumani alfajiri, halikuja jeshi lolote la kumwokoa.